Nani alisema mama anayenyonyesha lazima anywe chai ya maziwa?

Kenya hii ukijifungua tu, kila mtu anakuwa daktari wa maziwa yako. Mama mkwe anafika na thamosi ya chai, maziwa mengi, majani kidogo. Shosho anataka uji wa wimbi na anataka uwe mzito. Jirani wa ploti anaapa kwa supu ya kichwa cha mbuzi. Anti wa Mombasa anapiga simu kukataza maji ya friji. Kuna mwingine hapo kando ananong'ona ati kunde zitampa mtoto gesi na pilipili itamchoma tumbo. Na wote wako na sentensi moja ya kufunga mjadala: hivi ndivyo tumefanya tangu jadi.

Hiyo "tangu jadi" ndiyo imenifanya niandike. Mimi nikisikia jadi huwa nauliza, jadi ya lini? Kwa sababu ukichukua hayo mashauri moja moja ukafuata yalikotoka, utapata mengine ni ya kwetu kabisa, mengine yametembea kutoka Ugiriki, na mengine yaliletwa na watu waliokuwa na kitu cha kuuza. Na si hadithi ya kujifurahisha tu. Kuna mama huko mtaani sasa hivi ameacha kunyonyesha mtoto wa miezi 2 kwa sababu ameambiwa hajakula vya kutosha kuwa na maziwa. Nitamfikia.

Tuanze na chai basi, maana ndiyo inapendwa. Majani ya chai yalipandwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1903, Limuru, kwenye shamba la mzungu. Reli yenyewe ilikuwa imefika Kisumu miaka 2 tu kabla ya hapo. Mkulima Mwafrika alikuja kuruhusiwa kupanda chai kwenye kashamba kake miaka ya 1950. Sasa piga hesabu. Shosho wa shosho yako, aliyezaliwa kabla ya reli, alinyonyesha watoto wanane bila kujua chai ni nini. Hiyo mila ya thamosi ni changa kuliko jiji la Nairobi.

Lakini wazo lililo chini ya chai ni la zamani kweli: maziwa huzaa maziwa. Cheupe kinaleta cheupe, kama vile uji wa wimbi ulivyo na wekundu wake ndiyo tunasema unarudisha damu. Ni mantiki tamu, inaeleweka hata na mtoto. Shida ni kwamba ng'ombe anayetoa hayo maziwa hajawahi kunywa kikombe. Anakula nyasi.

Hawa wetu hawako peke yao. Wagiriki wa kale walifikiri hivyo hivyo, tena na vitabu juu. Aristotle alifundisha kwamba maziwa ni damu iliyopikwa mwilini, ile ile damu ambayo ilikuwa inamlisha mtoto tumboni. Galen, daktari aliyetawala fikra za matibabu kwa zaidi ya miaka 1,000, aliendeleza wazo hilo. Liliaminiwa sana hadi Leonardo da Vinci, miaka ya 1490, akachora mwili wa mwanamke na mshipa unaotoka kwenye mfuko wa uzazi kupanda hadi kwenye titi. Huo mshipa haupo. Mtu aliyejulikana kwa kupasua maiti aone kwa macho yake alichora kitu ambacho vitabu vilimwambia lazima kiwepo.

Ukishaamini maziwa ni damu iliyopikwa, basi chochote mama anachomeza kinaweza kuchafua chungu. Hapo ndipo orodha za makatazo zinaanza. Soranus wa Ephesus, daktari wa karne ya 2 aliyefanya kazi Roma, aliandika kitabu kizima kuhusu uzazi. Alimkataza mnyonyeshaji vitunguu na kitunguu saumu. Alitaka tone la maziwa liwekwe kwenye ukucha ili kuona linatiririka vipi, kama fundi anayepima rangi. Na alisema maziwa ya mama katika siku 20 za mwanzo hayafai, mtoto apewe asali kwanza, kisha ikiwezekana titi la mwanamke mwingine.

Hebu simama hapo kwa siku 20. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya njano ambayo Kiswahili kina jina lake kabisa, dang'a, ndiyo yamebeba kinga ya kwanza ya mtoto. Tabibu msomi wa Roma aliyaona uchafu. Na huku kwetu pia kuna jamii ambazo zilikuwa zinayakamua na kumwaga, na mtoto anapewa maji ya sukari au kitu kingine kwanza. Sidai tulijifunza kwa Soranus. Nafikiri mtu yeyote anayetarajia maziwa meupe, akaona ya njano, ataogopa. Ila nikisikia mtu anasema Mwafrika ndiye mwenye imani potofu na mzungu ndiye mwenye sayansi, namwonyesha huyo Mgiriki na ukucha wake.

Kuna njia moja lakini ambayo tunaweza kuifuata kutoka Ugiriki hadi Mombasa bila kukisia. Karne ya 9, Baghdad, Hunayn ibn Ishaq na wenzake walitafsiri vitabu vya Galen vikaingia kwenye Kiarabu. Ibn Sina akayapanga mafundisho hayo upya kwenye Kanuni yake, mwanzoni mwa karne ya 11. Kisha elimu hiyo ikasafiri na wafanyabiashara na masheikh katika Bahari ya Hindi, ikatua pwani yetu. Ndiyo maana mzee wa Mji wa Kale Mombasa anaweza kukuelezea afya kwa maneno manne, hari, baridi, yabisi na rutuba, na ukienda kwa Galen unakuta manne hayo hayo, moto, baridi, ukavu na unyevu. Mwili ni mizani. Kuzaa kunamwaga damu, damu ni joto, kwa hiyo mzazi amebaki na baridi. Dawa yake? Uji wa pilipili manga, supu ya kuku, maji ya moto ya kuoga, na siku 40 za kukaa ndani akihudumiwa. Na maji ya friji, wacha kabisa.

Kusema ukweli mimi naipenda hiyo arubaini. Mama analala. Anapikiwa. Hakuna anayemwuliza nguo zimefuliwa au la. Kama ungempa daktari yeyote wa leo karatasi tupu aandike kinachosaidia kunyonyesha, kupumzika na kuwa na watu wa kumsaidia kungekuwa juu kabisa. Kwa hiyo hesabu ya Galen ilikosea lakini jibu lake la mwisho lilitoka zuri. Kitu pekee ningefuta ni hofu ya maji baridi. Maji yakifika tumboni yanapata joto la mwili, na maziwa yanatoka yakiwa na joto hilo hilo la nyuzi 37 hata ukitafuna barafu. Lamu na Mombasa mwezi wa Februari, joto lile, halafu mama anayenyonyesha ananyimwa maji ya mtungi! Huo ni ukatili wa bure.

Bara nako kulikuwa na mambo yake. Kwa Wakikuyu chakula cha mzazi kilikuwa njahi, ile choroko kubwa nyeusi yenye mstari mweupe... sawa najua si choroko, msinipige, wenye njahi wanaijua. Ilikuwa na heshima. Mvua ndefu zenyewe zinaitwa mvua ya njahi, na mlima Kilimambogo ni Kĩa Njahĩ. Mwanamke akijifungua, njahi ilikuwa lazima. Halafu serikali ya mkoloni ikaja na hamu ya soko la nje, ikasukuma aina nyingine za maharagwe zilizotakiwa na wanunuzi wa mbali, njahi ikarudishwa nyuma. Leo bei yake sokoni ukiuliza unaweza kudhani ni nyama. Chakula cha mama kiligeuka chakula cha sherehe.

Na hapa kuna kitu ambacho hakifundishwi shuleni. Mwaka 1931 Uingereza ilichapisha ripoti ya John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe, na Dkt. Gilks aliyekuwa mkuu wa tiba Kenya. Walikuwa wamelinganisha chakula na afya ya Wamaasai na Wakikuyu. Watu wengi wanaikumbuka kwa ule ubishi wa nani mrefu na nani mfupi, nani anakula nyama na nani anakula nafaka. Mimi kilichonishika ni kwamba walikuta wanawake wa Kikuyu wanakula tofauti na wanaume wao. Wanawake walikula mboga za majani nyingi zaidi, na chakula chao kilikuwa na kalsiamu zaidi kwa sababu hiyo. Wanaume walikuwa wanajinyima terere kwa kuiona ni chakula cha wanawake! Yaani ile mila ya chakula cha mama ilikuwa inafanya kazi mbele ya macho ya mkoloni, akaiandika mwenyewe, na bado maofisa wake wakaendelea kuona shamba la mboga za kienyeji kama kichaka.

Sasa tuje kwa pombe, kwa sababu najua mmoja wenu ataniuliza. Ndiyo, kuna sehemu za magharibi ambapo mama alipewa busaa ili maziwa yatoke. Kabla hujacheka, jua kwamba Marekani walifanya biashara nayo. Mwaka 1895 kampuni ya bia ya Anheuser-Busch ilitoa kinywaji cha kimea kilichoitwa Malt-Nutrine, kikauzwa kwenye maduka ya dawa kama kitu cha kuwapa nguvu wagonjwa na akina mama wanaonyonyesha. Waingereza na Waayalandi nao walikuwa na Guinness yao ya mzazi. Hakuna aliyewaita washenzi.

Mwaka 1991 Julie Mennella na Gary Beauchamp, watafiti wa mambo ya harufu na ladha huko Philadelphia, waliamua kupima. Waliwapa akina mama wanaonyonyesha juisi ya chungwa, siku moja ikiwa na pombe kidogo na siku nyingine bila. Siku ya pombe, maziwa yalibadilika harufu, na watoto wakanyonya kwa bidii mwanzoni lakini wakapata maziwa machache zaidi. Machache, si mengi! Miaka na miaka ya ushauri, na mizani ilisema kinyume. Mama anahisi ametulia, mtoto anaonekana anavuta sana, kila mtu kwenye chumba anaamini imefanya kazi. Nafikiri ndivyo imani nyingi zinavyoishi, mtu anaona anachosubiri kuona.

Watafiti hao hao walijaribu kitunguu saumu, adui wa Soranus. Mama alipomeza vidonge vya kitunguu saumu, maziwa yalinuka kitunguu saumu baada ya kama saa 2. Na watoto? Walikaa kwenye titi muda mrefu zaidi. Mwaka 2001 Mennella na wenzake wakachapisha jaribio la karoti. Watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti wakati wa mimba au wakinyonyesha hawakukunja uso sana walipopewa uji wenye ladha ya karoti kwa mara ya kwanza. Kwa hivyo ladha inapita kweli, wazee hawakuwa wanaota. Walichokosea ni kudhani ni hatari, wakati mtoto anaonjeshwa taratibu chakula cha nyumbani kwao. Ukitaka mtoto asisumbue na managu akifika miezi 8, kula managu wewe.

Gesi ya kunde ni kesi nyingine. Gesi hiyo inatengenezwa na bakteria ndani ya utumbo wako mpana, na maziwa yanatengenezwa kutoka kwenye damu. Haiwezi kuhama kutoka tumbo lako ikaenda kujaza la mtoto. Kunde hazina hatia. Na mnajua ni chakula gani hukutwa na hatia mara nyingi zaidi kuliko vingine, pale mtoto mchache anapokuwa na mzio wa kitu mama alichokula? Protini ya maziwa ya ng'ombe. Yale ya kwenye thamosi. Hiyo ni kazi ya daktari kuchunguza, usiache maziwa kwa sababu mimi nimeandika, lakini ona jinsi orodha yetu ilivyokaa kichwa chini miguu juu: kinacholaumiwa hakina shida, na kinachosifiwa ndicho mara chache huleta shida. Vya kuogopa kweli ni vile ambavyo shosho hakuvikataza sana. Pombe, sigara, miraa ambayo kemikali zake zimepatikana kwenye maziwa ya wanaotafuna, na dawa za kununua tu dukani bila kuuliza.

Sasa lile swali kubwa. Je, mama akila zaidi, maziwa yanaongezeka?

Jibu bora ninalolijua lilitoka kijiji cha Keneba, Gambia. Huko wanawake walikuwa wanalima na kunyonyesha kwa chakula kidogo ajabu, kama kalori 1,600 kwa siku. Watafiti wa Uingereza waliwaongezea takribani kalori 700 kila siku, na mwaka 1980 wakachapisha matokeo kwenye jarida la Lancet. Maziwa hayakuongezeka. Yalikuwa tayari yanatosha! Miili ya wale akina mama, kwenye njaa ile, ilikuwa inatoa maziwa kana kwamba hakuna kilichopungua. Kilichobadilika ni akina mama wenyewe. Uzito ulipanda kidogo mwanzoni, na hedhi ilirudi mapema zaidi. Kuhusu maji pia, utafiti wa Marekani wa mwaka 1985 uliwaongezea akina mama vinywaji na maziwa yakabaki pale pale. Kunywa kiu ikikushika, inatosha.

Kinachoongeza maziwa ni mtoto kunyonya. Titi likimwagwa, ubongo unatuma homoni, linajaa tena. Likiachwa limejaa, linapunguza. Chungu hakihusiki sana.

Lakini msisome hapo mkaenda kusema basi mama asipewe chakula, ati Keneba ilithibitisha. Hapana. Keneba ilionyesha ni nani analipa. Kalsiamu ya mtoto ikikosekana kwenye sahani inachukuliwa kwenye mifupa ya mama. Mafuta yanachukuliwa kwenye mwili wake. Na kuna vitu ambavyo maziwa yenyewe hupungukiwa mama akikosa, kama vitamini A, baadhi ya vitamini B, na madini ya joto yaliyo kwenye chumvi yetu. Kwa hivyo uji wa wimbi, terere, omena, njahi kama mfuko unaruhusu, mpikieni. Mpikieni kwa sababu ni binadamu mwenye kazi nzito. Mbona ni lazima tuseme ni ya maziwa ndiyo apate supu?

Nilisema nitamfikia yule mama. Watafiti wa APHRC walipofuatilia watoto wa Korogocho na Viwandani hapa Nairobi, wakachapisha mwaka 2011, walikuta ni kama asilimia 2 tu ya watoto walionyonyeshwa maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Wawili kwa mia. Na utafiti uliofuata kwenye mitaa hiyo ulipowauliza akina mama sababu, njaa ilitajwa sana. Mama hajala, anaambiwa, na amejiambia, kwamba asiyekula hana maziwa. Basi anamwanzishia mtoto uji mwepesi au maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji ya mfereji wa mtaani. Mtoto anaendesha. Kisha kwa sababu hanyonyi sana, maziwa yanapungua kweli, na kila mtu anasema si tulikwambia? Imani imejithibitisha yenyewe.

Hiyo ndiyo sababu sichekelei thamosi. Kwa mama wa mtaa wa lami, chai ya maziwa ni raha tu, anywe. Kwa mama asiye na pesa ya maziwa, sentensi ile ile inamaanisha mwili wake hauwezi kulisha mtoto wake.

Na shaka hiyo ina watu walioifanyia biashara. Henri Nestlé alianza kuuza unga wake wa watoto Uswisi mwaka 1867. Kufikia mwaka 1939 daktari Cicely Williams, ambaye ndiye aliyeuletea ulimwengu wa tiba neno kwashiakoo kutoka lugha ya Kiga ya Ghana, alisimama mbele ya wanaume wa Rotary kule Singapore akasema wazi kwamba kuwashawishi akina mama maskini waache titi kwa maziwa ya mkebe ni mauaji. Mwaka 1974 shirika la War on Want likatoa kijitabu kikieleza biashara hiyo katika nchi maskini, mwaka 1977 Wamarekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé, na mwaka 1981 nchi wanachama wa WHO zikapitisha kanuni za kuzuia matangazo hayo kwa kura 118 dhidi ya 1. Kura hiyo moja ilikuwa ya Marekani. Kenya ilipata sheria yake mwaka 2012. Matangazo hayahitaji kusema maziwa yako ni mabaya. Yanahitaji tu mama awe tayari ana wasiwasi, na wasiwasi huo sisi jamaa zake tunampelekea bure.

Mambo yamebadilika lakini. Mwaka 2003 ni asilimia 13 tu ya watoto wa Kenya wa chini ya miezi 6 waliokuwa wananyonya maziwa ya mama peke yake. Mwaka 2014 ilikuwa 61. Chakula cha nchi hakikuongezeka mara nne. Wahudumu wa afya wa kijiji walipita nyumba kwa nyumba, manesi wakaeleza, sheria ikabana matangazo. Halafu mwaka 2022 tukapimwa tena, ikawa 60. Tumekwama.

Mimi naona tumekwama kwa sababu kilichobaki hakitatuliwi na elimu. Sheria ya ajira inampa mama miezi 3 ya likizo, na kliniki inamwambia miezi 6. Sheria ya afya ya mwaka 2017 inataka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea, na mama anayefua nguo za watu Eastleigh kwa malipo ya siku hana mwajiri wa kumwekea chumba. Anaondoka saa 12 asubuhi, anarudi usiku, titi limejaa halikunyonywa mchana kutwa, maziwa yanapungua. Akifika nyumbani, jirani anamwuliza kama amekunywa chai.